Malezi ya bweni: nani mzazi baada ya kengele ya mwisho?

Wahenga wetu walisema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Usemi huo ni wa kweli, lakini wahenga walipousema walikuwa wakimfikiria mtoto alalaye chini ya paa moja na wazazi wake. Hawakumfikiria mtoto wa askari, ambaye babaye huweza kuamkia kituo kimoja na kulala kingine, wala mtoto wa polisi ambaye mamaye hushika zamu ya usiku wakati majirani wamejifunika mablanketi. Mzazi wa namna hiyo, apendapo mwanawe asome shule moja tangu mwanzo hata mwisho, mara nyingi hana njia ila kumpeleka shule ya bweni. Hapo ndipo usemi wa wahenga unapotugeukia na kutuuliza: mtoto huyo analelewa na nani?

Katika makala haya tutalitazama swali hilo kutoka ufuko wa Ziwa Mweru, katika mkoa wa Luapula, nchini Zambia. Tumeuchagua ufuko huo kwa sababu mbili. Kwanza, shule ya bweni ya wasichana ilianzishwa sehemu hizo zaidi ya miaka 100 iliyopita, na mwenendo wake una mengi ya kutufundisha, mazuri na mabaya. Pili, wakazi wa ufuko huo, kama walivyo askari, ni watu ambao kazi yao huwatenga na watoto wao.

ZIWA, MPAKA NA ADA

Kafutuma iko upande wa Nchelenge, penye ufuko wa Mweru. Ng'ambo ya maji ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na mpaka wa nchi hizo mbili unapita katikati ya ziwa, pasipo ukuta wala waya. Kiswahili si mgeni mahali hapa. Kilikuja na misafara ya wafanyabiashara katika karne ya 19, kikabaki midomoni mwa watu wa ng'ambo, na kikazidi kusikika tangu mwanzo wa mwaka 2018, yalipofunguliwa makazi ya wakimbizi ya Mantapala, wilayani Nchelenge, kuwapokea watu waliokimbia mapigano nchini Kongo. Askari aliyepangiwa kazi katika mpaka kama huo hana haja ya kuelezwa kwa nini mtoto huhitaji mahali patulivu pa kusomea.

Watu wa ufuko huu huishi kwa samaki. Wavuvi wa dagaa, ambao huku huitwa chisense, hufanya kazi usiku kwa taa, na mchana hulala au huanika. Wengine huhama na nyavu zao kwenda visiwani, kama vile Isokwe na Kilwa, ambacho si kile Kilwa cha pwani ya Tanzania bali ni kisiwa cha ziwani chenye jina hilo hilo. Mtoto anayefuatana na wazazi wake katika mahamahama hayo hupoteza masomo, na mvulana akishaonja fedha ya mauzo ya samaki, ni shida kumrudisha mbele ya ubao. Mzazi mwenye busara huona kwamba bweni ni nanga ya kumtuliza mwanawe, wakati mashua ya nyumbani inasukwasukwa na mawimbi.

Lakini nanga hiyo ina bei. Serikali ya Zambia hufunga uvuvi katika ziwa hili kila mwaka, tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, ili samaki wapate kuzaa. Sheria hiyo ni ya haki, na polisi wanaoisimamia huzuia ziwa lisigeuke kuwa maji matupu. Hata hivyo, mwaka wa shule huanza Januari. Basi mvuvi hudaiwa ada, godoro, sanduku na sare katika mwezi ule ule ambao nyavu zake zimekauka ukutani. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2022 ada za shule za msingi na sekondari za serikali zimefutwa, na mfuko wa maendeleo wa majimbo huwalipia baadhi ya wanafunzi wa bweni wasio na uwezo. Lakini kwa aliye nje ya msaada huo gharama za kulala na kula zimebaki, na katika shule za watu binafsi gharama zote ni za mzazi. Asiyeweka akiba mnamo Oktoba hujuta Januari.

Askari ana nafuu moja, kwani mshahara wake haungojei samaki wazae. Walakini kuna jambo ambalo mvuvi na askari wako sawa kabisa: wote wawili, wakishalipa, humwacha mtoto mlangoni na kurudi kazini. Kinachotendeka nyuma ya mlango huo ndicho kiini cha mazungumzo yetu.

SHULE ILIYOANZA WAKATI WA VITA

Ukishika barabara itokayo Nchelenge kuelekea kusini, utafika Mbereshi, pale njia ya Kawambwa inapochepuka, si mbali na Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda. Wamisionari kutoka London walianzisha kituo hapo mwaka 1900. Wavulana walifundishwa kusoma, pamoja na uashi na useremala. Wasichana hawakupewa uzito uo huo.

Mwaka 1915 alifika mwalimu mmoja Mwingereza, Bi Mabel Shaw, mwenye umri wa miaka 26. Wakati huo ulikuwa wa Vita Kuu ya Kwanza. Mpaka wa Rhodesia ya Kaskazini na nchi iliyotawaliwa na Wajerumani, yaani Tanganyika, ulikuwa uwanja wa mapigano, na wanaume kwa maelfu walitolewa vijijini kubebeshwa mizigo ya jeshi. Wapagazi hao walijulikana kwa jina la tenga-tenga. Katika sehemu hizo vita havikwisha hata Novemba 25, 1918, Jenerali von Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini huko Abercorn, mji ambao leo huitwa Mbala. Yaani wakati baba na kaka walipokuwa njiani na mizigo kichwani, mabinti wachache walikuwa Mbereshi wakianza maisha mapya ya bweni.

Haikuwa rahisi kuwapata mabinti hao. Msichana wa nchi ile aliweza kuchumbiwa angali mdogo, na mchumba wake, kwa desturi ya Wabemba, aliwatumikia wakwe kwa jembe na shoka kabla ya kukabidhiwa mke. Kumtoa msichana nyumbani kulikuwa kuingilia mapatano ya koo mbili. Wazazi hawakuikataa shule kwa ujinga. Walijua thamani ya walichokuwa wakiombwa, na kwa hiyo walitaka kujua atakayekichukua atakitunza namna gani.

NYUMBA NDANI YA BWENI

Jibu la Mbereshi lilikuwa la maana sana. Wasichana hawakulazwa kwa safu ndefu kama magunia ghalani. Waligawanywa katika nyumba ndogo ndogo, na kila nyumba ikawa jamaa moja, yenye wakubwa na wadogo pamoja. Msichana mkubwa aliwekwa kuwa kama mama wa nyumba. Wadogo walikuwa wake: kama wameoga, kama wamekula, kama wanaumwa, yeye ndiye aliyepaswa kujua kwanza. Kazi za siku zilikuwa zile zile za kijijini: kuchota maji, kutwanga, kupika, kufagia uwanja na kulima. Masomo yalifundishwa kwa Kibemba. Hata mambo ya unyago, ambayo wamisionari wengi wa siku zile waliyapiga marufuku moja kwa moja, Bi Shaw hakuyatupa yote. Aliyachagua aliyoyaona yanafaa, akayapa sura ya Kikristo na kuyaingiza katika maisha ya shule.

Askari wataona upesi siri ya mpango huo, kwa sababu ndio mpango wao wenyewe. Kombania haishikwi pamoja na tarumbeta la alfajiri. Tarumbeta huwaamsha watu tu. Kombania hushikwa pamoja na koplo anayejua kwamba fulani jana hakula, fulani amepata barua mbaya kutoka kwao, na fulani anachechemea lakini anaona haya kusema. Ondoa koplo huyo, hata kamanda awe hodari namna gani, utabaki na umati uliovaa sare. Bweni nalo ni hivyo hivyo. Mkuu wa shule mmoja hawezi kuwa mzazi wa watoto mia tatu. Lakini akiwa na wakubwa thelathini, kila mmoja akijibu kwa ajili ya wadogo kumi, na watu wazima wakiwaangalia wakubwa hao kwa macho makali, watoto wote watakuwa na wa kuwalilia.

KASORO ZISIZOFICHIKA

Hata hivyo si haki kuisifu Mbereshi ya zamani na kuzificha kasoro zake. Shabaha yake ilikuwa kuwatayarisha wasichana wawe wake wa Kikristo wa walimu, wahubiri na makarani. Msichana alitazamiwa kutoka shuleni kwa kuolewa. Nafasi ya kuwa daktari, hakimu au ofisa haikuwamo katika hesabu. Serikali ya kikoloni nayo haikuwa na haraka. Wakati wa uhuru, mwaka 1964, nchi nzima ya Zambia ilikuwa na Waafrika waliohitimu chuo kikuu wapatao 100 tu.

Kasoro ya pili ni ya ndani zaidi. Shule ilipotwaa unyago, ilitwaa kazi ya shangazi na mama. Bibi aliyekuwa na haki ya kumweka mwali ndani, kumfunza na kumtoa mbele ya watu, alijikuta amepokonywa heshima hiyo na mgeni. Shule inayokuwa mzazi huweza kusahau kwamba mzazi mwenyewe yu hai. Jambo hili lina uzito hata leo. Lipo bweni linalomwona mzazi kuwa mlipa ada tu, na wapo wazazi wanaoridhika kuwa hivyo.

Pamoja na hayo, elimu ni mbegu isiyotii mipaka ya aliyeipanda. Bi Betty Kaunda, mke wa Rais wa kwanza wa Zambia, alisoma Mbereshi katika miaka ya 1940, akawa mwalimu, kisha akaupitia wakati wote wa kupigania uhuru, mumewe akitiwa gerezani na yeye akilea watoto. Bi Shaw mwenyewe aliondoka mwaka 1940, na shule ikapewa jina lake. Baada ya uhuru serikali ilitapanya shule za sekondari wilayani, nyingi zikiwa za bweni, na hapo bweni likapewa kazi ya pili: kuwalaza pamoja watoto wa makabila mbalimbali hata wazoeane. Mtu aliyegawana sabuni na mwenziwe kwa miaka mitano ni vigumu kuambiwa kwamba yule ni adui yake.

SIKU MOJA YA BWENI

Na sasa tuitazame siku ya mwanafunzi wa bweni wa siku hizi, awe katika shule ya serikali, ya kanisa au ya mtu binafsi. Ratiba yake haiachani sana na ya kambi. Kengele hulia kabla ya jua. Watoto huamka, hutandika vitanda, hupanga foleni ya maji na ndoo mkononi, hufagia viwanja kwa zamu. Kisha ni uji, halafu mstari wa asubuhi, wimbo wa taifa na ukaguzi wa kucha na sare. Masomo huendelea hata mchana. Chakula ni ugali na maharage, na katika sehemu za Luapula ugali wa muhogo na samaki hauko mbali. Alasiri ni michezo na bustani. Jioni chakula tena, na baada yake masomo ya usiku. Mwisho huitwa majina, taa huzimwa, kengele ya mwisho hulia.

Jumamosi ni siku ya kufua, na kamba zote hujaa mashati meupe. Jumapili ni ibada na, kwa wenye bahati, wageni kutoka nyumbani. Katikati ya ratiba hiyo kuna maisha yasiyoandikwa ubaoni. Kuna sanduku la bati lenye kufuli, ambalo ndilo nyumba ya mtoto. Ndani yake mna sukari, karanga na picha ya mama. Kuna urafiki wa kugawana kipande cha mwisho cha sabuni. Kuna majina ya utani ambayo mtu huzeeka nayo. Mtoto aliyekuwa akiletewa maji ya kuoga nyumbani hujifunza kubeba ndoo yake, na yule aliyezoea kula peke yake hujifunza kungoja mwenziwe. Haya ni mafunzo mema, na askari wengi watakumbuka kwamba waliyapata bwenini kabla ya kuyapata depoti.

Lakini kengele ya mwisho ikishalia, huanza shule nyingine ambayo haina mwalimu. Mgeni wa wiki ya kwanza hulia chini ya blanketi, akijitahidi asisikike. Mkubwa asiye na malezi humfulisha mdogo nguo zake, humnyang'anya karanga zake, humwamsha usiku wa manane amwimbie. Mwingine huogopa kwenda chooni gizani. Kama hakuna mama wa nyumba wa namna ile ya Mbereshi, mambo hayo hayajulikani asubuhi, kwa maana katika ukaguzi wa kucha na sare machozi hayaonekani. Kiranja aliyepewa fimbo pasipo kupewa dhamana hawi mlezi, huwa mnyapara.

USIKU ULIOUA

Tusidhani kwamba tunasema juu ya machozi tu. Mwezi Juni 1994, katika shule ya wasichana ya Shauritanga, wilayani Rombo, Tanzania, moto uliteketeza bweni na kuua wanafunzi wapatao 40. Mwezi Machi 2001, huko Kyanguli, Machakos, nchini Kenya, wavulana 67 waliteketea bwenini. Moto uliwashwa kwa makusudi, madirisha yalikuwa na nondo na mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Mwezi Septemba 2024, katika shule ya Endarasha, Nyeri, watoto 21 wa shule ya msingi walipoteza maisha yao kwa moto wa usiku.

Askari polisi ndio hufika katika matukio ya namna hiyo na kuhesabu vitanda. Wao wanajua kwamba moto huanza kwa mshumaa, kwa waya mbovu au kwa mkono wa mtu, lakini mauti mara nyingi huletwa na kufuli. Mlango hufungwa watoto wasitoroke. Dirisha hutiwa nondo wezi wasiingie. Vitanda huongezwa ili ada iongezeke. Kila moja ya hatua hizo ina sababu yake, na zote kwa pamoja hutengeneza mtego. Kambi ya jeshi isiyo na mlango wa dharura haitavumiliwa na mkaguzi yeyote. Iweje basi kinachokatazwa kwa watu wazima wenye mafunzo kiruhusiwe kwa watoto wa miaka kumi?

Tena uhusiano wa moto na malezi ni wa karibu. Mwanafunzi aliye na mtu wa kumwambia uchungu wake ni nadra kutafuta petroli. Na penye mkubwa anayewajua wadogo wake kumi kwa majina, atajua upesi ni nani hajatoka nje.

MZAZI MWENYE SARE AFANYE NINI?

Kwanza, aikague shule kama anavyokagua kituo cha kazi. Asitosheke na lango lililopakwa rangi wala matokeo ya mtihani yaliyobandikwa ofisini. Aombe kuliona bweni, na ikiwezekana aende jioni. Ahesabu milango, ajaribu kama hufunguka kwa nje, atazame madirisha, aulize ufunguo hukaa kwa nani usiku. Apime nafasi kati ya kitanda na kitanda.

Pili, aulize swali la Mbereshi: hapa mtoto wangu atakuwa wa nani? Mlezi wa bweni ni nani, na hulala wapi? Wakubwa huchaguliwa kwa ubavu au kwa tabia? Mkubwa akimwonea mdogo, mdogo hushtaki kwa nani? Shule njema itajibu pasipo kukasirika. Inayokasirika imekwisha kujibu.

Tatu, asiache haki yake ya uzazi langoni. Uhamisho ukija, aijulishe shule anwani mpya na jina la ndugu aliye karibu. Aandike barua, apige simu siku zilizopangwa, na anapopata likizo asiitumie yote kwa shughuli zake. Baba anayempa mwanawe amri tu wakati wa likizo huwa kamanda wa pili kwa mtoto ambaye amekwisha kuchoka na kengele. Mtoto wa bweni akirudi nyumbani anahitaji kupata baba na mama.

Nne, awafikirie wengine. Askari aliye katika vituo vya ufukoni huwaona watoto wa wavuvi ambao hawana wa kuwasemea. Anapotimiza wajibu wake wa kulinda ziwa katika miezi ya kufungwa, yafaa akumbushe pia, katika mikutano ya kijiji, kwamba ada ya Januari huwekwa Oktoba. Na anapomwona mtoto wa umri wa shule ndani ya mtumbwi usiku wa manane, aulize shule yake ni ipi.

Mabinti wa kwanza wa Mbereshi waliingia bwenini wakati nchi yao iko vitani na ndugu zao wamebebeshwa mizigo isiyokuwa yao. Kilichowashika hakikuwa ukuta wala kengele. Kilikuwa ni nyumba yenye mkubwa aliyewajua. Sisi tunaowapeleka watoto wetu bwenini leo, ili tupate kulinda usiku wa watu wengine, tuna haki ya kudai jambo hilo hilo moja: kwamba usiku wa watoto wetu nao una mlinzi.